SOMO LA WAFANYAKAZI: KUNUNUA NYUMBA YA WAPANGAJI USIYOIONA YOTE



Tangu mwaka 2022 sheria ya Uganda yamruhusu mwanachama wa NSSF mwenye umri wa miaka 45, aliyeweka akiba kwa miaka 10, kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Baadhi ya wenzetu hununua nyumba ya vyumba vya kupangisha. Ni jambo jema. Lakini muuzaji aweza kufungua vyumba viwili tu na kusema, "Wengine wako kazini." Fedha ya jasho isitolewe kwa kuona vyumba viwili.

KWANZA, ARDHI. Nyumba haina maana bila ardhi iliyo chini yake. Ikiwa ina hati, uliza katika ofisi ya ardhi: jina ni la nani? Imewekwa rehani benki? Ikiwa ni kibanja, pata idhini ya mwenye ardhi kwa maandishi. Ikiwa familia yaishi hapo au yaitegemea kwa chakula, mke au mume wa muuzaji lazima akubali.

PILI, MACHO. Mlango waweza kufungwa, ukuta wa nje haufichwi. Nenda siku ya mvua. Tazama bati, nyufa, madoa ya maji na choo.

TATU, WAPANGAJI. Wajie Jumapili au baada ya zamu, pamoja na mwenyekiti wa LC1. Waulize kwa heshima: Walipa kiasi gani? Umelipa hadi mwezi gani? Uliweka amana? Risiti iko wapi? Asiyetaka kukufungulia asilazimishwe. Chumba ni chake maadamu amekipanga.

Tupige hesabu. Muuzaji asema vyumba 8 huleta shilingi 100,000 kila kimoja. Hizo ni 800,000 kwa mwezi. Lakini ukikuta viwili ni vitupu na mmoja halipi, wapata 500,000 tu. Kwa mwaka pengo ni shilingi 3,600,000. Bei ipangwe kwa kodi inayolipwa, si kwa kodi inayosemwa.

NNE, MKATABA. Andikeni kila chumba, mpangaji wake, kodi yake na amana yake. Amana zilizo mkononi mwa muuzaji, na kodi aliyokwisha kupokea kwa miezi ijayo, zipunguzwe katika bei. Sehemu ya fedha ibaki kwa wakili mpaka vyumba vyote vikaguliwe. Muuzaji akikataa kufungua, na akikataa kuandika, mwache na nyumba yake.

Ndugu, kumbuka kwamba wapangaji hao ni wafanyakazi kama wewe. Sheria ya mwaka 2022 ya wenye nyumba na wapangaji hairuhusu kumtoa mtu bila amri ya mahakama. Basi usinunue kwa kutegemea kuwafukuza.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI
1. Kwa nini risiti ya mpangaji ni ushahidi bora kuliko neno la muuzaji?
2. Wanachama wakinunua kwa pamoja, nani atashika hati, na majina ya nani yataandikwa?

Haraka haraka haina baraka.