Usafi wa Maji ya Kuogea Pwani na Jinsi Unavyopimwa

Watu wengi hudhani kwamba maji ya bahari yakiwa maangavu, hata mchanga ukaonekana chini, basi ni salama kuogea. Sivyo. Vijidudu viletwavyo na maji ya vyoo havionekani kwa macho, na mwogaji aliyemeza funda moja huweza kuharisha siku zifuatazo. Usafi wa pwani haujulikani ila kwa kupima.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya kazi hiyo ina utaratibu wake. Mpimaji huingia mpaka penye kina cha mita 1 hivi, akazamisha chupa iliyochemshiwa vijidudu, sentimita 30 chini ya uso wa maji. Chupa hutunzwa baridini, mbali na jua, maana jua huua vijidudu na kuyasingizia maji usafi yasiokuwa nao. Katika maabara hutafutwa aina mbili, E. koli na enterokoki, vikaavyo matumboni mwa watu na wanyama. Hivyo ni kama nyayo tu: vikionekana, kinyesi kimepita hapo. Kwa kanuni ya mwaka 2006, maji ya bahari ya daraja ya juu hayatakiwi kuzidi E. koli 250 na enterokoki 100 katika mililita 100.

Lakini kipimo hakifai kitu ikiwa pwani yenyewe haikuandikwa katika orodha. Kanuni ya kwanza ilipitishwa Desemba 1975, na kila serikali iliachiwa kutaja mahali pake pa kuogea. Uingereza, nchi iliyozungukwa na bahari, ilitaja pwani 27 tu; Luxembourg, isiyo na bahari kabisa, ilitaja mahali 39 pa mito na maziwa! Hata Blackpool, mji ambao wafanya kazi wa viwandani wameuendea kwa mapumziko tangu karne ya 19, haukutajwa. Asiyepimwa hawezi kushindwa.

Mwaka 1987 orodha iliongezwa ikapita pwani 350, na Blackpool ikaingia. Hata hivyo maji yake yalikuwa machafu bado, na tarehe 14 Julai 1993 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba Uingereza haikutimiza wajibu wake kwa Blackpool na Southport. Ndipo mtambo mkubwa wa kusafisha maji machafu ukajengwa Fleetwood, kaskazini ya Blackpool.

Hata leo mvua kubwa ikinyesha, mifereji ya zamani inayochanganya maji ya mvua na ya vyoo hufurika baharini, na waogaji huonywa wasiingie. Kwa jambo hilo mtu wa Malindi au Mombasa hana tofauti na mtu wa Blackpool: siku moja au mbili baada ya mvua kubwa yafaa ajiepushe na midomo ya mito na mifereji, na awazuie watoto hasa, kwani wao ndio wamezao maji mengi.