Vitamini C Inapopakwa Kwenye Jino: Nafasi Yake Katika Tiba ya Kupanga Meno

Tiba ya kupanga meno kwa nyaya huchukua mara nyingi mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na ndiyo maana kila kinachodaiwa kuifupisha hupata wasikilizaji. Vitamini C ni mojawapo, na dai hilo lina asili ya kisayansi. Jino linaposukumwa, seli maalumu humong'onyoa mfupa wa taya upande unaobanwa, huku nyingine zikijenga mfupa mpya upande unaovutwa. Nyuzi zinazolishikiza jino kwenye mfupa zimefumwa kwa kolajeni, ambayo haipati uimara wake bila vitamini C. Mabaharia wa zamani waliougua kiseyeye walilegea meno kwa sababu hiyo.

Majaribio ya kutumia vitamini C na E ili kusaidia mfupa kusogea au kujijenga upya yamefanywa zaidi kwa panya. Tahadhari inahitajika hapa: panya hujitengenezea vitamini C katika ini lake, ilhali binadamu huitegemea kutoka kwenye chakula. Linalomfaa panya halimthibitishii mgonjwa lolote.

Penye ushahidi ulio imara zaidi ni mahali ambapo wengi hawapafikirii, yaani kwenye gundi. Mtu aliyeng'arishwa meno kwa peroksidi hubaki na oksijeni ndani ya enameli, na oksijeni hiyo huizuia gundi ya rezini isigande sawasawa. Vifungo vya nyaya vikibandikwa upesi, hubanduka kwa urahisi. Njia ya kawaida ni kusubiri wiki moja hadi kadhaa. Katika maabara, hata hivyo, meno yaliyokwisha kung'olewa yalipong'arishwa kisha yakapakwa askorbeti ya sodiamu, chumvi ya vitamini C, aghalabu ya asilimia 10, nguvu ya gundi ilirejea kwa kiasi kikubwa. Vitamini huiondoa oksijeni iliyosalia, na gundi hupata nafasi ya kuganda. Bado maabara si kinywa chenye mate, lakini hoja yake inaeleweka na muda wa kusubiri ni gharama halisi kwa mgonjwa anayesafiri mbali kufika kliniki.

Tofauti kati ya chumvi hiyo na vidonge vya dukani ndiyo inayosahaulika. Askorbeti ya sodiamu haina ukali wa asidi. Vidonge vingi vya kutafuna vina asidi ya askobiki yenyewe. Enameli huanza kuyeyuka pH inaposhuka chini ya takriban 5.5, na vipande vya kidonge hunasa kuzunguka vifungo ambako mswaki haufiki vizuri. Mgonjwa anayetafuna vidonge, au anayesugua limau kwenye meno akitumaini yatanyooka mapema, huyadhoofisha meno yale yale anayoyalipia. Anayehitaji vitamini C na aile katika machungwa, mapera na mboga, asukutue kwa maji, kisha angoje nusu saa kabla ya kupiga mswaki.