Wanasema Nitakuwa Nimeuza Mguu Wangu

Shikamoo dada. Ninaishi kijijini, Mkoa wa Njombe. Nina miaka 37 na watoto watatu, mume wangu alifariki. Miezi minane iliyopita nilikuwa natoka shambani jioni nimejitwika kuni, Fuso la viazi likahama barabara likanigonga huku pembeni nilikokuwa. Mguu wa kulia ulivunjika mara mbili chini ya goti. Nililazwa wiki sita, nikawekewa chuma, na mpaka leo natembea kwa mkongojo. Dereva ni kijana wa hapa hapa, na mama yake ndiye aliyekaa na wanangu nilipokuwa wodini. Mwenye Fuso ndiye anayenunua viazi vya kijiji kizima. Alitoa 300,000 hospitali na akaleta magunia mawili ya mahindi. Sasa ameandaa karatasi. Mwisho wa mwezi, baada ya mkutano wa kijiji, niisaini mbele ya mtendaji kwamba nimesaidiwa, nimesamehe na sina madai tena, kisha anipe 200,000 nyingine. Mama mkwe anasema nisaini. Mzee wa kanisa anasema Mkristo hadai. Nilipouliza habari za bima, shemeji yangu akasema watu watasema nimeuza mguu wangu. Huku kwetu ni kimya, hakuna aliyewahi kumpeleka mwenzake mahakamani kwa ajali. Nifanyeje?

Mjane wa Njombe

Marahaba, mdogo wangu. Kamwene, na pole sana.

Karatasi ile usiisaini. Nimeanza na hilo ili hata ukichoka kusoma hapa katikati, uwe umelipata. Magunia ya mahindi ulipokea, ni sawa, hukukosea. Lakini usitie saini wala dole gumba kwenye maneno “sina madai tena” wakati chuma bado kimo mguuni na hakuna daktari aliyekueleza kama utarudi kutembea bila mkongojo. Chuma hicho huenda kikahitaji kutolewa. Hiyo ni operesheni nyingine, kitanda kingine, nauli nyingine. Ukishaandika kwamba madai yamekwisha, siku hiyo utabaki wewe na kuku wako wa kuuza.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeliona nyumbani kwetu. Baba yangu mdogo aliumia mkono kwenye mashine ya kusaga, akapewa mbuzi na debe la unga, akaweka dole gumba. Mkono ulikauka, hakushika jembe tena. Karatasi ile niliikuta baada ya mazishi yake, ndani ya sanduku la bati, imekunjwa mara nne. Hakuwahi kumwonyesha mtu.

Sasa hilo la kuuza mguu. Anayesema hivyo hajui fedha ya fidia inatoka wapi. Tanzania ina Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na sheria hiyo inakataza gari kutembea barabarani bila angalau ile tunayoiita bima ndogo. Bima ndogo haimtengenezei tajiri Fuso lake likipinduka. Imewekwa kwa ajili ya mtu wa tatu, yaani yule aliyekuwa anapita zake: wewe na mzigo wako wa kuni. Kila mwaka mwenye Fuso anapokata bima, anailipia siku kama ile ya kwako. Kwa hiyo ukidai, mlipaji ni kampuni ya bima, kwa fedha iliyokwisha kulipwa. Na ukinyamaza, fedha hiyo haibaki kijijini kumsaidia jirani yako. Inabaki kwenye akaunti ya kampuni huko mjini, na mguu unabaki kwako.

Kwa nini basi tajiri anakimbilia karatasi? Huenda hajui bima yake inafanya nini. Wengi hukata ili trafiki wasiwasumbue. Huenda pia siku ya ajali bima ilikuwa imekwisha. Hilo unaweza kulijua wiki hii hii. TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ina mfumo wa kuhakiki bima kwa intaneti, na namba ya gari inatosha. Mpe kijana mwenye simu nzuri akuangalizie, aandike jina la kampuni, namba ya stika, na tarehe bima ilipoanza na ilipokwisha. Ikiwa Fuso halikuwa na bima, deni linabaki kwa mwenye gari, na itabidi msaidizi wa kisheria akusaidie kuzungumza naye kwa uzito zaidi.

Kuhusu yule kijana nakuelewa kabisa. Mama yake amewalisha wanao, na mtu hasahau kitu kama hicho. Sheria inasema dereva akikosea akiwa kwenye kazi ya mwajiri wake, mwajiri hubeba kosa hilo katika madai ya fidia. Mzigo unawaelekea mwenye gari na bima yake. Sitakuficha, jina la kijana litaandikwa kwenye hati ya madai, maana ndiye aliyeshika usukani. Kesi ya polisi kwa uendeshaji mbaya nayo ni ya Jamhuri, si yako. Hukuifungua na huna uwezo wa kuifuta. Nenda kwa mama yake wewe mwenyewe, kabla hajasikia maneno bombani. Mwambie unadai bima ya Fuso, na kwamba hujasahau wema wake. Ikibidi umwambie mara mbili, mwambie mara mbili.

Kwa mzee wa kanisa, nenda na Biblia yake. Muombe msome pamoja Kutoka sura ya 21, mstari wa 18 na wa 19. Hapo anazungumziwa mtu aliyeumizwa na mwenzake akalala kitandani, kisha akainuka akatembea kwa fimbo kama wewe. Aliyemuumiza anatakiwa kubeba hasara ya siku zake alizokosa kazi, na kumuuguza mpaka apone. Kumsamehe dereva unaweza hata leo, na hakuna hakimu atakayekuuliza kwa nini umesamehe. Gharama za mguu zinahesabiwa kwingine.

Ipo hofu moja hukuiandika, lakini nimeisoma katikati ya mistari: huyu ndiye anayenunua viazi vyenu vyote. Akikasirika, nani atanunua gunia lako? Hofu hiyo ni ya kweli na siwezi kuifuta kwa barua. Ninachokushauri ni kwamba usiende kuzungumza naye peke yako, na usiende kwa ugomvi. Nenda na shemeji, hata kama ndiye aliyesema neno la kuuza mguu, na mwanamke mmoja unayemwamini. Mweleze kwamba kampuni itataka taarifa yake ya ajali na nakala ya bima, na kwamba akisaidia hilo, wewe utapata fidia bila yeye kuuza ng'ombe. Tajiri mwenye akili akielewa hesabu hii, anaweza kuwa wa kwanza kukupeleka mjini kwa gari lake. Nawe jipange, viazi vya msimu ujao viuzwe pamoja na vya wenzako, ili gunia lako lisijulikane ni lipi.

Tuje kwenye ushahidi. Hapa ndipo watu wa vijijini wanapopoteza haki iliyo wazi kabisa.

Ulipofika hospitali bila shaka uliulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumia. Tafuta nakala. Nenda kituo cha polisi kilichoshughulikia ajali, uulize namba ya jalada, ripoti ya ajali na mchoro wa eneo, na uulize dereva alifikishwa mahakamani au la. Ikiwa alitiwa hatiani, omba nakala ya hukumu. Hata faini ya elfu chache iliyolipwa siku ile ile ni ushahidi wenye nguvu kwenye shauri lako la madai. Wengi hudhani dereva akishapigwa faini mambo yamekwisha. Faini ile ni ya serikali, wewe haikugusi.

Kisha rudi kwa daktari aliyekutibu. Kadi ya hospitali yenye maneno matatu haitoshi. Mwombe taarifa kamili: mguu ulivunjika wapi, ulitibiwaje, chuma kitatolewa au la, umebaki na ulemavu wa kiasi gani, na kama utaisha au ni wa kudumu. Picha za eksirei usimwachie mtu.

Fidia ina pande mbili. Upande mmoja ni gharama zinazohesabika, kama dawa, nauli, kitanda na mkongojo wenyewe. Mahakama ya Rufani ilishalisema wazi mwaka 1992, katika shauri la Zuberi Augustino na Anicet Mugabe, kwamba hasara za namna hii lazima zitajwe moja moja na zithibitishwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ni vivyo hivyo. Upande wa pili ni maumivu, ulemavu, na maisha yaliyobadilika, na hayo hakimu huyapima mwenyewe kwa busara yake. Huko hutaulizwa risiti.

Najua utasema: mimi ni mkulima, sina hati ya mshahara, nitathibitishaje nilichopoteza? Unacho. Kama uko kwenye VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, daftari lenu linaonyesha ulikuwa ukiweka hisa ngapi kila wiki, na wiki ambayo uliacha. Mwenyekiti na mweka hazina wathibitishe kurasa hizo, kisha zitolewe nakala. Ulipolala wodini, nani alipalilia viazi vyako? Kama ni vibarua, andika majina yao, siku walizofanya kazi na kiasi ulichowalipa, na kila mmoja aweke saini. Kama ni mwanao mkubwa aliyekosa shule ili achimbe, andika pia, na mwalimu wake anaweza kuthibitisha mahudhurio. Hata ile bodaboda ya kukupeleka kliniki, mwombe dereva akuandikie kikaratasi chenye tarehe na bei. Nunua daftari la kurasa 48 uanze leo, kwa kurudi nyuma mwezi kwa mwezi, wakati bado unakumbuka.

Na mashahidi. Huenda yupo aliyekuwa nyuma yako njiani, utingo aliyeshuka kukuinua, au mwenye duka aliyetoa kitenge cha kukufunga mguu. Miezi minane si mingi, lakini vijana wanahama; yule utingo mwakani anaweza kuwa Tunduma au Dar es Salaam. Mpate sasa.

Muda wako haujapita. Kwa madai ya uzembe kama haya, Sheria ya Ukomo wa Muda inakupa miaka mitatu tangu siku ya ajali. Umebakiwa na miaka miwili na miezi minne. Usiihesabu kama mingi, kwa sababu kampuni zinajua kuzungusha watu: leta hiki, njoo wiki ijayo, bosi kasafiri. Mazungumzo hayasimamishi saa. Kila unachopeleka kipeleke kwa maandishi, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Kampuni ikipuuza, TIRA hupokea malalamiko. Ikishindikana kabisa, shauri hufunguliwa mahakamani, na kampuni iwe imepewa taarifa mapema kwamba unakwenda huko, maana sheria ya bima inalitaka hilo.

Usifanye haya peke yako. Tangu 2017 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayomwezesha asiye na uwezo kupata msaada huo bila malipo. Nenda halmashauri kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, umuulize wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wa wilaya yenu. Msaidizi wa kisheria hatasimama mahakamani kwa niaba yako, hiyo ni kazi ya wakili, lakini atakuandikia barua na kukuonyesha wakili anayesaidia wasiojiweza. Jihadhari na vishoka. Atakuja mtu amevaa vizuri, atasema anamjua mtu kwenye kampuni, atataka nusu ya fedha na fidia ipitie akaunti yake. Mwambie malipo yataingia kwa jina lako, basi. Akiondoka kwa hasira, mwache aende.

Wala sikusukumi mahakamani kwa lazima. Kampuni ikitoa kiasi cha haki na mkapatana mezani, mtakuwa mmemaliza bila kesi, na kijiji kitabaki kimya kama mnavyopenda. Lakini mapatano yaje baada ya taarifa ya daktari, na asome karatasi mtu anayejua sheria kabla wewe hujaisaini.

Mwisho wa mwezi, basi, nenda kwenye mkutano. Usijifiche nyumbani, watasema umekimbia. Wakikuita ofisini, msalimie mwenye Fuso kwa heshima na umshukuru kwa mahindi. Akikupa ile 200,000 bila masharti, ipokee, na mtendaji aandike kwamba ni msaada wa matibabu, tarehe fulani, bila neno la madai kwisha. Akisema hakuna fedha bila saini, mjibu hivi: “Kaka, nashukuru kwa yote. Daktari bado hajamaliza na mguu wangu, kwa hiyo na mimi bado sijamaliza. Naomba nakala ya bima ya gari.” Kalamu iache hapo mezani. Kisha niandikie, unieleze alikujibu nini.