Mpira Usioonekana: Maswali na Majibu Kuhusu Filamu Huru

Wengi wetu tumelelewa na vibanda umiza, picha za Kihindi na, kuanzia miaka ya 2000, Bongo muvi. Huko tumejifunza mengi: kumtambua adui kabla hajafungua mdomo, kungoja wimbo, kuamini kwamba steringi hafi. Mtu mwenye mazoea hayo akikutana na filamu isiyo na steringi wala ngumi, inayokwisha watu wakiwa bado wanatembea, hutoka amekunja uso. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa mara nyingi na watazamaji wa aina hiyo. Nimeyajibu kwa filamu chache, kwa sababu filamu moja iliyotazamwa vizuri hufundisha kuliko kumi zilizopitiwa juu juu.

Filamu huru ni ipi hasa? Ni filamu isiyo na pesa?

Uchache wa pesa huambatana nayo, lakini si kipimo. Cha kuuliza ni nani mwenye neno la mwisho: nani acheze, hadithi iishie wapi, dakika zipi zikatwe. Katika filamu huru neno hilo liko kwa mwongozaji na wenzake, si kwa studio kubwa inayotaka fedha zake zirudi haraka. Pesa huokotwa huku na huku, na uhaba huo huacha alama zake kwenye kazi, mbaya na nzuri.

Satyajit Ray alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo mjini Kolkata alipoanza kupiga *Pather Panchali*, iliyotoka mwaka 1955. Mpigapicha wake, Subrata Mitra, hakuwahi kupiga filamu kabla ya hapo. Kazi ilichukua karibu miaka mitatu kwa kuwa fedha zilikuwa zikikatika njiani. Lipo tukio ambalo mtoto Apu na dada yake Durga wanapita katika nyasi ndefu zenye maua meupe kwenda kuiona treni. Ray alipiga sehemu tu, na aliporudi kumalizia, ng'ombe walikuwa wameshayala maua yote. Akangoja msimu mwingine yachanue. Mwenye haraka angetafuta shamba jingine au angelifuta tukio. Leo hilo ndilo tukio ambalo watu hulikumbuka kwanza filamu hiyo ikitajwa.

Mwalimu, nisamehe, lakini nyingi zinachosha. Dakika kumi hakuna kinachotokea.

Huna kosa. Nyingine zinachosha kweli, na hakuna haja ya kujilazimisha kuzisifu. Mwongozaji anaweza kuiacha kamera imesimama kwa sababu tu hajui akate wapi. Lakini upo utulivu wa aina nyingine, na utautambua ukijiuliza: katika muda huu, mimi mtazamaji nimepewa kazi gani?

Chukua *Timbuktu* ya Abderrahmane Sissako, ya mwaka 2014. Wapiganaji wameuteka mji na kupiga marufuku muziki, sigara na mpira wa miguu. (Filamu yenyewe ilipigwa Oualata, mji wa kale wa Mauritania, kwa kuwa Timbuktu hakukuwa na usalama.) Kuna tukio la vijana uwanjani. Wanakimbia, wanakabana, mmoja anapiga penalti, golikipa anajirusha. Mpira hamna. Punda anakatiza uwanja na mechi inaendelea. Wapiganaji wakitokea na pikipiki, vijana wanajifanya wanafanya mazoezi ya viungo. Wakishapita, mchezo unarudi palepale.

Hakuna anayetoa hotuba kuhusu uhuru. Lakini jicho lako, bila kuombwa, limeshaanza kuufuata mpira usiokuwepo. Unajua umepigwa upande gani, unajua umeingia wavuni. Bila wewe kuuona mpira huo, tukio halina maana. Mwongozaji amekupa nusu ya kazi yake uifanye. Ukiitazama sehemu hiyo huku unajibu ujumbe kwenye simu, utaona vijana wanakimbiakimbia tu, na utasema hakuna kilichotokea.

Katika filamu hiyohiyo mfugaji Kidane anapambana na mvuvi mtoni, na bastola inafyatuka. Tumezoea hapo kamera ikimbilie usoni, muziki upande, damu ionekane. Sissako anafanya kinyume: anakwenda mbali kabisa, maji yanajaza skrini kutoka ukingo hadi ukingo. Upande mmoja mtu anajikokota kuvuka, upande wa pili mwingine anajaribu kusimama na hawezi. Wote wawili ni wadogo kama vijiti. Picha inakaa, inakaa. Unataka ikatwe na haikatwi, kwa sababu mtu aliyeua hawezi kuvuka mto ule upesi, nawe huruhusiwi kuvuka kabla yake.

Nimezoea filamu zilizotafsiriwa kwa sauti. Za maandishi chini zinanishinda. Nifanyeje?

Kwanza, usiwadharau wanaotafsiri. Marehemu Lufufu hapa Tanzania na DJ Afro kule Kenya walijenga sanaa kamili juu ya filamu za watu, na wapo wengi walioipenda sinema kwa sababu ya sauti zao. Tatizo ni kwamba mtafsiri wa kibandani kazi yake ni kujaza ukimya. Filamu ninazozizungumzia humu huweka maneno yake muhimu ndani ya ukimya huohuo, na akija mtu kuujaza, filamu imekufa.

Kwa hiyo anza na zile unazozielewa kwa masikio. *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ina Kiswahili na Sheng. Inamhusu Jo, msichana wa miaka 9 mwenye ugonjwa usiopona anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kinachoamua kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye shujaa. Humo utazoea mwendo wa filamu huru bila kuhangaika na kusoma, kisha maandishi yatakuja yenyewe.

Nikiangalia na watu wanaojua, wanasema "angalia vile vitu." Vitu gani?

Hili ni swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu langu huwa ni filamu moja: *La Noire de...* ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1966. Sembène aliwahi kubeba mizigo bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, kisha akaenda Moscow kujifunza filamu, kwa kuwa watu wake wengi aliowaandikia hawakuweza kusoma vitabu. Filamu hii, ya saa moja tu, inamfuata Diouana, msichana wa kazi anayechukuliwa na waajiri wake Wafaransa kutoka Dakar hadi Antibes. Aliambiwa atalea watoto. Anajikuta anapika, anafua na kusugua bafu, na nje ya nyumba haoni kitu.

Sasa kiangalie kinyago, kile cha kuvaliwa usoni. Mara ya kwanza ni kitu cha kuchezea cha mdogo wake Diouana. Binti anakitoa kiwe zawadi kwa mabosi wake wapya, kwa furaha ya kupata kazi. Katika nyumba yao ya Dakar kinatundikwa pamoja na vinyago vingine, kimoja kati ya vingi. Kule Antibes kiko peke yake juu ya ukuta mweupe. Sembène hahitaji mtu aseme "Diouana ni mpweke", ukuta umeshasema. Baadaye Diouana anakichukua na mama mwenye nyumba anataka kumnyang'anya, wanakivutana mikononi, na ugomvi wote wa filamu umo katika mikono ile minne.

Hujaitazama? Ruka aya hii. Baada ya kifo cha Diouana, bwana mwenye nyumba anakirudisha kinyago Dakar pamoja na mizigo ya marehemu na mshahara wake. Mama mzazi anaukataa mshahara. Yule mdogo wake anakichukua kinyago, anakivaa, na kumfuata bwana yule nyuma, hatua kwa hatua, mpaka bwana mwenyewe analikimbilia gari lake. Ni kitu kilekile tulichokiona mwanzoni, lakini sasa kinatisha, na hakuna kilichokibadilisha ila yale yaliyokipata.

Basi ukiona kitu kimerudi mara ya pili kwenye filamu, iwe kikombe, kiatu au mlango, kiulize kilikuwa wapi mwanzo na sasa kiko wapi.

Kwa nini wanavuruga hadithi? Mara nyuma, mara mbele, mara tukio lilelile tena.

Wapo wanaovuruga ili waonekane werevu. Wengine wana sababu, na mfano wangu ni *Farewell Amor*, filamu ya kwanza ndefu ya Ekwa Msangi, Mtanzania wa Marekani, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Sundance mwaka 2020. Walter, dereva wa teksi New York kutoka Angola, anawapokea mkewe Esther na binti yao Sylvia uwanja wa ndege baada ya miaka 17 ya kutengana. Wanakumbatiana. Wanaingia kwenye nyumba yenye chumba kimoja cha kulala.

Kisha filamu inasimama na kuanza tena uwanja wa ndege, mara hii na Sylvia. Halafu tena, na Esther. Kwanza tulikuwa na Walter, tukajua kwamba kuna mwanamke mwingine aliyeondoka katika nyumba ile. Tukirudi na mke, ukimya wa mumewe mezani ni ukimya uleule tuliokwishauona, lakini tumekaa upande wa pili wa meza. Aliyeonekana mkaidi katika sehemu ya kwanza, katika sehemu yake mwenyewe anajitetea kwa namna pekee anayoijua. Ingesimuliwa moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho, ungemchagua mmoja na kuwalaumu wengine. Mpangilio huu unakunyima nafasi hiyo, na mimi naona ndio uadilifu wa filamu nzima.

Nilisoma *Vuta N'kuvute* shuleni. Filamu imeacha mengi mno. Hiyo ni haki kwa Adam Shafi?

Naelewa uchungu wa msomaji. Riwaya ile ya mwaka 1999 imekaa na vizazi vya wanafunzi, na kila mtu ana Yasmini wake kichwani. Lakini riwaya ina uwezo ambao kamera haina: inaweza kuingia moyoni mwa Yasmini na kutueleza anachowaza. Mwongozaji wa filamu, Amil Shivji, alibaki na uso wa mwigizaji, mwanga, sauti za Zanzibar ya miaka ya 1950, na muda usiozidi saa mbili. Akachagua. Siasa ya Denge, mpigania uhuru, na mapenzi yake na Yasmini yamebebwa zaidi na macho, vivuli na taarabu kuliko mabishano. Mimi binafsi ningependa siasa ipate nafasi kubwa zaidi. Hata hivyo, filamu hiyo ilipofika tamasha la Toronto mwaka 2021 ikiwa ya kwanza ndefu kutoka Tanzania kuonyeshwa huko, haikuhitaji mtazamaji awe amesoma kitabu. Mtazame Yasmini anavyosimama nyumbani kwa mume aliyechaguliwa na wazazi, halafu anavyosimama Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma. Kurasa nyingi za Shafi zimehamia katika mabega yale.

Waigizaji wengine kama hawaigizi. Na kwa nini hadithi haimalizwi?

Nayajibu pamoja kwa sababu filamu moja ina majibu yote mawili. Katika *Ladri di biciclette* ya Mtaliano Vittorio De Sica, ya mwaka 1948, baba anayetafuta baiskeli yake iliyoibwa alichezwa na Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwa mwigizaji. De Sica alihitaji mtu anayetembea kama anayejua maana ya kukosa kazi. Sisi tumezoea uigizaji wa jukwaani na wa redio, ambako hasira lazima isikike hadi kiti cha mwisho. Kamera iko karibu. Kope ikitikisika, inatosha.

Baiskeli haipatikani. Baba, kwa kukata tamaa, anajaribu kuiba ya mtu, anakamatwa mbele ya mwanawe Bruno, anaachiwa, wanaondoka. Mtoto anamshika mkono. Unaweza kulalamika kwamba hatukuambiwa kesho watakula nini. Lakini swali la filamu lilikuwa limeshahama kutoka kwenye baiskeli kwenda kwenye macho ya yule mtoto, na swali hilo limejibiwa. Mwisho ukikukera, rudi uulize filamu ilikuwa inatafuta nini hasa. Mara nyingine utagundua kwamba mwongozaji kweli alishindwa kumaliza, na hilo nalo uliseme.

Nianze na zipi, na nizitazameje?

Anza na fupi. *Borom Sarret* ya Sembène, ya mwaka 1963, ni dakika kama 20: siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi Dakar. *Pumzi* ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, ina urefu kama huo na inatupeleka katika Afrika ya baadaye ambako maji yamegeuka dhahabu. Halafu *Kati Kati* ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016, ambamo mwanamke aitwaye Kaleche anazinduka nyikani, hakumbuki chochote, na anaambiwa ameshakufa. Usisome muhtasari wake kwanza. Starehe yake yote ni kujua mambo pale Kaleche anapoyajua.

Tumia spika au visikilizi vizuri kabla ya kuhangaikia ukubwa wa skrini, maana sauti za chini ndizo za kwanza kupotea kwenye simu. Ukimaliza, chagua tukio moja lililokugusa, lirudie ukiwa umezima sauti, kisha lirudie umefumba macho. Utajua ni picha au ni sauti iliyokushika.

Na ukiwa Zanzibar wakati wa ZIFF, tamasha linalofanyika tangu mwaka 1998, nenda Ngome Kongwe ukatazame na umati. Waongozaji wengi huwa hapohapo. Baki wakikaribisha maswali, ujitambulishe, na umuulize mmoja wao ni tukio gani alilikata ambalo mpaka leo linamuuma.