Kukosa Usingizi kwa Mgonjwa wa Saratani Iliyosambaa: Nafasi ya Tiba ya Kisaikolojia

Katika kliniki ya tiba shufaa, mgonjwa huulizwa kwanza kuhusu maumivu, kisha kichefuchefu, choo na hamu ya chakula. Usingizi huulizwa mwishoni, au hauulizwi kabisa. Mgonjwa naye hunyamaza, akidhani kwamba kukesha ni sehemu ya ugonjwa na kwamba haifai kumsumbua daktari kwa jambo dogo ilhali lipo kubwa. Makala hii inaeleza kwa nini dhana hiyo si sahihi, na namna tiba isiyo ya vidonge inavyoweza kumpunguzia mgonjwa mikesha hata pale ambapo saratani yenyewe haitarajiwi kupona.

Kinachoanzisha na kinachoendeleza

Tatizo la usingizi huhesabiwa kuwa sugu endapo mtu anashindwa kupata usingizi, au kuendelea kulala, angalau siku 3 kwa wiki kwa miezi 3 au zaidi, na shughuli zake za mchana zikaathirika. Mwaka 1987, mwanasaikolojia wa Marekani Arthur Spielman na wenzake walitenganisha mambo ya aina tatu: yanayomweka mtu katika hatari, yanayoanzisha tatizo, na yanayoliendeleza.

Tuchukue mfano wa kubuni: mama wa miaka 58 mwenye saratani ya matiti iliyofika kwenye mifupa. Usingizi wake ulikatizwa na maumivu ya nyonga. Maumivu yalipotulizwa kwa mofini, usingizi haukurudi. Katika miezi ile ya maumivu alikuwa amejijengea mazoea mapya. Hupanda kitandani saa 1 jioni kwa sababu ya uchovu, akatoka saa 1 asubuhi. Mchana husinzia papo hapo. Wageni humjulia hali akiwa kitandani, na gharama za matibabu hujadiliwa kitandani. Saa 8 usiku yu macho, akihofu kwamba akilala hataamka. Maumivu ndiyo yaliyoanzisha tatizo. Mazoea na hofu ndivyo vinavyoliendeleza, na mofini haitibu hayo mawili.

Kwanza, tuondoe vyanzo

Tiba ya kisaikolojia haichukui nafasi ya uchunguzi. Maumivu ya usiku yapatiwe dozi ya kutosha. Deksamethasoni, ambayo huchangamsha ubongo, itolewe asubuhi kila inapowezekana. Vivyo hivyo dawa za kupunguza maji mwilini. Kikohozi, kuwashwa, kukosa pumzi na sonona vitafutwe na kutibiwa. Mgonjwa aliyeanza ghafla kuchanganyikiwa usiku, akiongea yasiyoeleweka au kuona yasiyokuwapo, hana tatizo la usingizi tu: achunguzwe haraka, kwani huenda ana maambukizi au kalisiamu imezidi katika damu.

Tiba yenyewe na marekebisho yake

Tiba ya utambuzi na tabia kwa tatizo la usingizi kwa kawaida hutolewa katika vikao 4 hadi 8. Mwaka 2016, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliipendekeza kuwa tiba ya kwanza kwa watu wazima wote wenye tatizo sugu. Hata hivyo, tafiti nyingi kwa wagonjwa wa saratani zimewahusu waliokwisha kumaliza matibabu. Kwa aliyedhoofika, kila kanuni hurekebishwa.

Kitanda kiwe cha kulala. Kanuni hii ilielezwa na Richard Bootzin mwaka 1972: asiyepata usingizi kwa takriban dakika 20 aondoke kitandani, arudi anapousikia usingizi. Mama yetu, ambaye mifupa yake yaweza kuvunjika akianguka, hatuwezi kumwamuru atembee gizani. Badala yake atainuliwa, aegemee mito, taa hafifu iwashwe, asikilize redio kwa sauti ndogo. Mchana ahamie kwenye kiti au mkeka barazani, na wageni wamkute huko. Mwanga wa asubuhi nao humsaidia mwili kutambua mchana na usiku.

Muda wa kitandani ulingane na usingizi. Daftari la usingizi la wiki moja likionyesha kwamba mama hukaa kitandani saa 12 na kulala saa 6, nusu ya muda wake inapotea katika kugaagaa. Kwa mtu mwenye nguvu tungeukata muda huo mara moja. Kwake tunapunguza nusu saa kwa wiki, na kumruhusu kulala kidogo kabla ya alasiri. Mwenye kifafa au uvimbe ubongoni hapunguziwi.

Fikra zishughulikiwe kwa uaminifu. Hapa ndipo tiba hii inapotofautiana zaidi na ile ya wagonjwa wengine. Wazo kwamba "nisipolala leo, saratani itaenea kesho" linaweza kupimwa na kusahihishwa. Wazo kwamba "nitakufa" si kosa la kufikiri, na mtaalamu asijaribu kulibishia. Kinachowezekana ni kulitafutia saa yake: alasiri, pamoja na ndugu anayemwamini, kiongozi wa dini au muuguzi, mgonjwa aseme anachohofia na anachotaka kupanga, hasa kuhusu watoto na mali. Jambo lililozungumzwa mchana huwa na nguvu ndogo saa 8 usiku. Mwenye hofu ya kutoamka aambiwe waziwazi kwamba kulala si ndiko kunakoleta kifo, na mtu wake alale karibu naye.

Vidonge na siku za mwisho

Dawa za jamii ya diazepamu zikitumiwa pamoja na mofini huongeza hatari ya kuanguka, kuchanganyikiwa na kupumua kwa shida. Zina nafasi yake, lakini kwa uamuzi wa daktari, si kwa kununua dukani. Maisha yanapokaribia ukingoni, mgonjwa hulala saa nyingi usiku na mchana. Hapo kanuni zote za kitanda na saa ziachwe, apumzike atakavyo.

Kwa mhudumu wa afya, kazi yote huanza na swali moja linaloweza kuulizwa katika kila ziara: "Jana usiku ulilalaje?" Jibu liandikwe kwenye faili, mahali palepale panapoandikwa maumivu.