Balbu za Dashibodi kama Zana ya Kufundishia Umeme

Katika somo la umeme, walimu wengi huitaja balbu kama kitu kitoacho mwanga, basi. Sisi nasi tulifundisha hivyo hadi gari kuukuu moja hapa Songea lilipotusahihisha mbele ya wanachuo.

Gari hilo ni Land Rover Series III, aina iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Mwenyewe ni mkulima wa kahawa, na mara nyingi huenda Mbinga usiku. Kwa kuwa mita zake hazikusomeka gizani, aliomba balbu za uzi ziondolewe, zitiwe za LED. Tukaona tumepata zana isiyo na gharama.

Balbu tulizozitoa zilikuwa za volti 12, wati 2.2. Wanachuo waligawa wati kwa volti, wakapata mkondo wa ampea 0.18 hivi. LED zilipitisha ampea 0.02 tu. Tuliziunga kwanza mezani kwa nyaya na betri. Zilizogeuzwa hazikuwaka, na tabia ya diodi ya kupitisha umeme upande mmoja ikaeleweka bila maneno mengi. Kisha tukazitia zote garini.

Injini ilipowashwa, taa nyekundu ya chaji haikuzimika. Mwanachuo mmoja aliuliza sababu. Tulimjibu kwamba taa mpya ni nyepesi, huwaka kwa umeme kidogo. Jibu hilo lilikuwa la kubahatisha, nasi hatukupima. Usiku huo betri ilikwisha nguvu, na mzee wa watu akalala njiani.

Taa ya kumulikia mita hupokea umeme, ukaishia kwenye bodi. Taa ya chaji haiko hivyo: umeme unaotoka kwenye swichi hupita ndani yake kwenda kwenye alteneta, kuipa koili usumaku wa kuanzia kazi. Ampea 0.02 hazikutosha kuiamsha. Tulipopima, injini ikiunguruma, betri ilikuwa na volti 12.2, tuliporudisha balbu ya zamani, zikapanda hadi 14.1. Anayetaka LED mahali hapo hana budi kuunga sambamba nayo kikinzani cha omu 68 kinachohimili wati 5. (Kwa nini 5, ilhali hesabu hutoa 2 na kitu? Hilo ni zoezi zuri.) Mwenye gari alichagua balbu yake ya zamani, wala hatukumlaumu.

Kwa kundi lililofuata tulibadili utaratibu. Kabla ya kugusa balbu yoyote, kila mwanachuo huchora njia ya mkondo kutoka betri hadi mwisho wake, kisha huandika atarajiayo kutokea. Mwalimu hatoi jibu, hutoa mita.

Yule aliyeuliza tulimwomba radhi darasani. Akauliza tena: balbu ya zamani huzimikaje ilhali ufunguo haujazimwa? Tukampa mita apime ncha zake mbili, kila moja dhidi ya bodi. Akasoma volti 14 huku, volti 14 kule, akainua kichwa akicheka.