JE, KITABU KISICHOFUTIKA HAKIDANGANYI?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kilifanya mdahalo ambao haukuisha hata kengele ya kwenda nyumbani ilipolia. Hoja ilikuwa kwamba blokucheni ni salama kuliko daftari la mhazini. Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono. Nilisimama nikawasalimu mwenyekiti, katibu, mweka saa na wapinzani wangu, nikapiga domo dakika tano, na tukashinda kwa kura nyingi. Ushindi huo ndio umenifanya niandike makala haya, kwa maana siku chache baadaye niligundua kwamba nusu ya mambo niliyoyasema sikuyaelewa.

Aliyenigundulisha ni mama. Yeye ni mwanachama wa kikundi cha akina mama kumi na wawili wanaouza mboga na matunda sokoni hapa Voi. Walikuwa wameweka akiba ya shilingi 84,000. Siku moja kijana fulani aliyevaa nadhifu aliwajia, akawaambia kwamba pesa za sandukuni si salama, mhazini anaweza kuamka na kutoroka nazo. Afadhali wampe yeye azigeuze ziwe sarafu za kripto, nazo zitazaa kila mwezi. "Hazitaibiwa," akasema, "ziko kwenye blokucheni. Blokucheni haijawahi kuvunjwa." Lo! Maneno hayo hayo niliyoyasema mimi kwenye mdahalo!

Jioni mama akaniuliza, "Mwanangu, si ndiwe uliyeshinda juu ya kitu hiki? Hebu nieleze, kinafanyaje kazi?" Nikakohoa. Nikasema nina homuweki.

Kesho yake nilimwendea mwalimu wetu wa hisabati. Hakunipa jibu. Alinipa zoezi, nalo ndilo ninalotaka tulifanye pamoja hapa. Chukua kalamu.

Tuseme kitabu cha akiba kina kurasa nne, na kila ukurasa una mchango mmoja. Chini ya kila ukurasa tunaandika namba iitwayo muhuri. Kanuni ya muhuri ni hii: chukua muhuri wa ukurasa uliotangulia, uzidishe kwa 7, ujumlishe mchango, kisha ugawanye kwa 97. Kinachobaki ndicho muhuri mpya. Tunaanza na 1.

Ukurasa wa kwanza una shilingi 200. Saba mara 1 ni 7, jumlisha 200 ni 207, gawanya kwa 97, kinabaki 13. Wa pili una shilingi 150. Saba mara 13 ni 91, jumlisha 150 ni 241, kinabaki 47. Wa tatu ni shilingi 250, muhuri wake ni 94. Wa nne ni shilingi 100, muhuri wake ni 79. Usiniamini, piga hesabu mwenyewe.

Sasa mhazini mwenye mkono mrefu anakuja usiku, anageuza 150 ya ukurasa wa pili kuwa 50, na shilingi mia anatia mfukoni. Muhuri wa pili unakuwa 44 badala ya 47. Lakini muhuri wa tatu ulitokana na ule wa pili, kwa hivyo nao unageuka kuwa 73. Na wa nne unakuwa 29. Amegusa ukurasa mmoja, na kurasa zote zilizofuata zimepiga kelele. Huo ndio mnyororo wenyewe, na ndiyo sababu Waingereza wakauita hivyo.

Bila shaka utasema mhazini anaweza kuketi akaandika kitabu kizima upya. Kweli. Mimi nilijaribu na sikumaliza hata dakika nne. Ndipo mwalimu akaniambia nitengeneze vitabu vinne vinavyofanana, niwape wenzangu watatu, na kila mchango usomwe kwa sauti ili wote waandike. Mwizi atalazimika kugeuza vitabu vingi kuliko vile ambavyo havijaguswa, tena kabla ukurasa mwingine haujaongezwa. Katika Bitcoin vitabu hivyo ni maelfu ya kompyuta duniani kote, ukurasa mpya huongezwa kila baada ya dakika kumi hivi, na kuuongeza kunahitaji kompyuta zifanye hesabu nyingi zenye kula stima kweli kweli. Mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto waliieleza njia hii Oktoba 2008, na ukurasa wa kwanza ukaandikwa tarehe 3 Januari 2009. Hadi leo hakuna ajuaye kwa hakika Satoshi ni nani.

Mwenzangu mmoja, ambaye hupenda kunitafuta makosa, alitazama zoezi langu akacheka. Akasema, "Andika 247 mahali pa 150." Nikaandika. Muhuri ukabaki 47! Nikajaribu tena, 47 vile vile. Aliongeza 97 tu, na kitabu changu hakikuona kitu. Mwalimu akafurahi kuliko sisi. Akaeleza kwamba muhuri wangu una nafasi 97 pekee, kwa hivyo kuugushi ni mchezo wa watoto, ilhali muhuri wa Bitcoin una nafasi nyingi sana hata idadi yake ina tarakimu 78. Kubahatisha muhuri unaofanana ni kazi isiyowezekana kwa kompyuta tulizo nazo.

Kufikia hapo nilikuwa nimeanza kuvimba kichwa tena. Kumbe sikukosea kwenye mdahalo! Nikataka kukimbia nyumbani nimwambie mama.

Mwalimu akasema, "Ngoja. Rudieni, lakini mara hii kwa pesa." Tulitumia punje za mahindi, kila punje shilingi kumi, na kikombe cha plastiki kikawa benki. Mmoja anatia punje, anataja kiasi, wote wanne tunaandika na kupiga muhuri. 200, 150, 250, 100. Mihuri ikawa 13, 47, 94, 79 katika vitabu vyote vinne. Jumla shilingi 700. Tukamwaga kikombe tukahesabu punje. Zilikuwa 65. Zilipaswa kuwa 70.

Jirani yangu wa dawati alikuwa amesema 250 na kutia punje 20 tu. Mwalimu ndiye aliyemtuma. Vitabu vyote vinne vilikubaliana, hesabu zote zilikuwa safi, na kikombe kilikuwa na upungufu wa shilingi hamsini. Tena uongo ule sasa haungefutika. Mnyororo uliulinda kwa bidii ile ile ambayo ungeulinda ukweli.

Nilinyamaza kitambo. Hilo ndilo swali ambalo wapinzani wetu hawakuliuliza siku ya mdahalo, na laiti wangeliuliza tungeshindwa. Blokucheni hulinda kilichoandikwa kisibadilishwe. Haijui kama kilichoandikwa kilikuwa kweli.

Ni haki niseme na upande wa pili. Mwenzangu yule mcheshi alinijibu kwamba Bitcoin haina kikombe. Sarafu yenyewe ni yale maandishi, hakuna punje nje ya kitabu, kwa hivyo hakuna pa kudanganyia. Nakubaliana naye kwa hilo, na naona ndiyo hoja bora kabisa ya wanaoitetea. Hata idadi yake ina kikomo, sarafu milioni 21, ambacho kila kompyuta hukikagua. Lakini kikombe hurudi pale tu unapotaka kuunganisha kitabu na kitu cha nje, yaani shilingi, shamba, jiwe, au ng'ombe.

Chukua mawe ya hapa kwetu. Tsavoraiti, lile jiwe la kijani lililopewa jina la Tsavo mwaka wa 1974, huchimbwa katika kaunti hii ya Taita Taveta na hupitia mikononi mwa madalali wengi kabla halijafika ng'ambo. Huko nje kuna makampuni yanayosema blokucheni itamwonyesha mnunuzi safari nzima ya jiwe lake tangu shimoni. Sawa. Lakini nani atakayekuwa shimoni kuandika ukurasa wa kwanza? Na jiwe likibadilishwa njiani na kipande cha chupa ya soda, kitabu kitajuaje? Atakayejua ni yule mzee mwenye lenzi yake.

Ama ardhi. Mwaka wa 2018 Serikali iliunda jopo chini ya Profesa Bitange Ndemo kuchunguza matumizi ya teknolojia hii, na ardhi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa sana. Sisi ambao zaidi ya nusu ya kaunti yetu ni mbuga za Tsavo, na ambao tumezisikia kesi za mashamba ya mkonge tangu utotoni, tunajua ugomvi si kwamba karatasi hufutika. Ugomvi ni jina la nani liliandikwa mwanzo. Ukitia jina lisilo haki kwenye kitabu kisichofutika, umelipigilia misumari.

Turudi kwa pesa. Hata Bitcoin isiyo na kikombe ina mlango, nao ni ufunguo. Ufunguo ni namba ya siri ndefu, na aliye nayo ndiye mwenye mali, hata kama ameiiba. Mwezi wa Februari 2014 soko la Mt. Gox la Tokyo lilitangaza kwamba sarafu 850,000 hazionekani, ingawa baadaye 200,000 zilipatikana. Tarehe 21 Februari 2025, soko la Bybit lenye makao Dubai liliibiwa mali ya dola bilioni 1.5 hivi, na Wamarekani wakasema wezi ni wa Korea Kaskazini. Mnyororo haukukatwa popote. Wakubwa walioidhinisha malipo waliona jambo moja kwenye kioo cha kompyuta na kumbe wanatia sahihi jambo jingine. Kitabu kikaandika wizi huo vizuri sana, na kila mtu anaweza kuusoma hadi leo.

Linganisha na M-Pesa. Ukituma kwa namba isiyo yako, unapeleka ujumbe ule kwa 456 na pengine pesa zinarudi ikiwa hazijatolewa. Kwenye mnyororo hakuna wa kumpigia.

Na ule usemi kwamba haijawahi kuvunjwa? Wa Bitcoin haujavunjwa. Lakini minyororo midogo yenye kompyuta chache imewahi kuandikwa upya na mtu aliyepata nguvu kuliko wengine wote, kama Ethereum Classic mwezi wa Agosti 2020, tena zaidi ya mara moja. Wengine hawakuwa na mnyororo kabisa! OneCoin, iliyoanzishwa 2014 na Ruja Ignatova, ilikusanya mabilioni ya dola duniani, ikafika hadi Uganda, ambako wakulima waliuza mifugo wanunue. Haikuwa na blokucheni ya kweli. Ignatova alitoweka Oktoba 2017. Mwenzake Greenwood alifungwa miaka 20 huko Marekani mwaka wa 2023. (Najua wengi mnangoja niseme ya foleni za KICC za Worldcoin mwaka ule ule. Ile ni hadithi ya macho ya watu, si ya daftari, naiacha.)

Benki Kuu ya Kenya ilionya mapema, Desemba 2015, kwamba Bitcoin si pesa halali nchini na kwamba soko lake likianguka mwananchi hana kinga. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2025, sheria ya watoaji huduma za mali hizi ilitiwa sahihi, na wanaofanya biashara hiyo sasa wanatakiwa kuwa na leseni. Leseni haigeuzi 250 ya uongo kuwa ya kweli, lakini angalau kuna mtu wa kuulizwa.

Nilimweleza mama haya yote kwa punje za mahindi, juu ya meza ya jikoni. Alinisikiliza hadi mwisho, akazikusanya punje akazirudisha kwenye debe, maana hapendi chakula kichezewe. Kisha akasema hilo la namba hakulishika lote, ila la kikombe amelishika.

Jumamosi kijana yule alirudi. Mama aliniambia kwamba wenzake walimtaka yeye ndiye aseme. Akamuuliza, "Baba, huo ufunguo tutakaa nao sisi?" Kijana akajibu kwamba ufunguo hukaa ofisini, wao wataona salio kwenye simu. Mama akauliza ofisi iko wapi, na leseni yake iko wapi. Akaambiwa ofisi ni ya mtandaoni, leseni inashughulikiwa.

Shilingi 84,000 zilipigiwa kura pale pale chini ya mwembe. Tisa walikataa, mmoja akanyamaza. Wawili walidai sehemu zao, shilingi 7,000 kila mmoja, wakampa. Mmoja wao ni jirani yetu. Kila jioni hupita kwetu, ananyoosha simu na kunionyesha salio, nalo huongezeka kila siku. Nilimuuliza kama amejaribu kutoa hata mia mbili. Akasema ameambiwa angoje hadi mwisho wa muhula.